Miguu ya Mama Augustine

Kinshasa, tarehe 4 Februari 2024

Koko Orpha, mbanda yangu mupendwa,

Mbote na jambo nyingi. Miye niko muzima, kazi inaendelea, ni mvua tu ya Kinshasa inataka kubeba watu pamoja na nyumba zao. Na wewe? Goti bado inakusumbua? Papa Rachidi anaendelea kukusomea na kukuandikia? Mupe salamu yangu, umwambie anisamehe kama mwandiko wangu unamutoa machozi. Ningekupigia simu, lakini ninajua jibu yako: simu inampa mutu ruhusa ya kukimbia. Donc ninaandika. Barua nitampa Noël, yule wa duka ya simu, anapanda Kisangani kila mara na mizigo yake.

Koko, niko na habari. Mwezi wa tisa papa atatimiza miaka kumi tangu atuache. Nimeanza kutengeneza album kubwa, kitabu ya kubandika: picha zake, vipande vya gazeti, maneno aliyosema kwa tribunal mbele ya mahakimu, shukrani za wale wajane aliotetea wasifukuzwe ndani ya nyumba za mabwana zao. Sitaki Kisangani isahau Maître Lambert. Tonton Gédéon amefurahi sana. Tarehe 14 Septemba atafungua fondation, shirika yenye jina ya papa, palepale kwa nyumba ya papa ya Simi-Simi, na album itakaa salon, kwa meza ya katikati. Watakuja wakubwa wa jimbo, waavoka waliotetea kesi pamoja naye, wapasta.

Ninakuomba vitu viwili. Kwanza toge yake nyeusi, nguo yake ya tribunal, ile unaitunza ndani ya valizi. Tutaitundika kwa ukuta, nyuma ya meza. Pili, unielezee namna sheria ya miguu ilianza. Kila gazeti inaiandika kivyake, na nataka album iseme ukweli.

Ukurasa wa familia nimekwisha kuupanga, usihangaike nao.

Mujukuu wako anayekukumbuka kila siku,
Chancelle


Kisangani, Mangobo, tarehe 10 Machi 2024

Chancelle, mbanda yangu, muke mwenzangu, mwizi ya bwana yangu,

Rachidi alisoma barua yako mara mbili. Mara ya kwanza na sauti ya musikiti, mara ya pili na sauti ya mutu. Swahili yako imevaa suruali ya bureau, lakini nimeisikia. Jambo. Tuko bazima. Goti haina adabu, inaamuka mbele yangu. Mama Émilie, jirani ya Simi-Simi, alizika dada yake, tulilala kwa matanga siku tatu na mvua ikatupiga yote. Maji ya mto imeshuka, samaki banajificha. Unakula? Usinijibu «ndiyo». Niambie jana ulikula nini, na nani alipika.

Bon. Toge iko. Ninaitoa kwa jua, mende wasiikule. Mende hawajue kama ni ya Maître.

Sheria ya miguu, andika hivi na usiiweke poda. Bwana yangu alikufa Yanonge, baba yako alikuwa mutoto wa meno ya maziwa. Tulimuzika leo, kesho yake baba ya Gédéon, kaka ya bwana yangu, akafika na bandugu yake kuchukua nyumba, nyavu na mutumbwi. Miye sikusoma, sikuwa na kaka, sikuwa na panga. Nilikuwa na kiti ya kupikia. Nikaiweka kwa mulango, nikakaa, nikanyoosha miguu mupaka kwa muti ya mulango ya upande ingine. Kwetu mutu haruki miguu ya mama mwenye amekaa. Ukiruka, umesema huyu si mutu tena, ni kuni. Baba ya Gédéon alinyanyua muguu moja. Akaishusha. Akatukana, akanyanyua tena, akaishusha. Jua ikazama, bakaenda kwao.

Lambert alikuwa nyuma ya mugongo yangu, anakula ndizi ya makemba. Njo université yake ya kwanza hiyo.

Alipokuwa Maître alisema na bajane: «Karatasi ya tribunal inatembea na magoti. Mukalie mulango mupaka nifike.» Na bamama bakakaa. Mangobo bakakaa, Kabondo bakakaa, Lubunga bakakaa. Mutu hakuruka.

Sasa swali yangu. Unaniandikia bajane wote ya muji. Na mujane yake yeye? Mama yako alikufa hujajua kutembea. Nani alikubeba kwa mugongo? Nani alikutoa funza kwa vidole huku unamupiga kichwa? Augustine iko kwa ukurasa gani?

Rachidi anasema swali kama hiyo inawekwa mwisho, na heshima. Nimemwambia aandike tu.

Toge itatoka kwa valizi siku nitasikia jina yake.

Kidole yangu njo hii, na wino ya Rachidi.
Orpha


Kinshasa, tarehe 5 Mei 2024

Koko yangu,

Salamu. Nisamehe kuchelewa, kazi ilikuwa nyingi na Noël alikaa muda bila kupanda. Jana nilikula samaki ya chumvi, makayabu, na wali. Nilipika mwenyewe. Umefurahi?

Hadithi ya Yanonge imenigusa sana. Nimeiandika kwa ukurasa wa nne, kwa Kifaransa, kwa sababu wageni wengi watakuwa wa Kifaransa. Nimeipunguza kidogo.

Ninakutumia album yenyewe. Noël ataileta mukononi, imefungwa ndani ya plastiki mbili. Nataka uwe wa kwanza kuiona, mbele ya Tonton na mbele ya wakubwa. Uishike polepole, gundi ya kurasa za mwisho haijakauka vizuri. Ukikuta mutu usiyemujua kwa picha, Papa Rachidi aandike jina kwa karatasi ndogo, mimi nitabandika.

Tonton anauliza toge. Anasema seremala amekwisha kupima ukuta.

Kuhusu ile ingine uliyouliza, koko, ukurasa wa familia umejaa. Tuliupanga pamoja na Tonton na ni vigumu kuufungua tena. Utaelewa ukiuona.

Nimeweka sabuni mbili na dawa ya goti ndani ya mufuko. Uipake, usiiweke kwa valizi pamoja na toge.

Chancelle wako


Kisangani, tarehe 16 Juni 2024

Chancelle,

Dawa ya goti inanuka kama bwana mubaya, lakini inafanya kazi. Asante. Makayabu na wali si chakula, ni haraka. Noël atakuletea samaki ya moshi, Rachidi ameifunga na magazeti ya zamani, usiibandike kwa album.

Album ilifika muzima. Rachidi aliweka miwani kunisomea, nikamwambia ngoja, kwanza miye na macho yangu. Nikapita na kidole, picha kwa picha. Lambert wa masomo. Lambert na bajane ya Lubunga, banacheka na masufuria yao. Lambert amekonda, ile mwaka ya ugonjwa ya tumbo. Mwanangu. Nililia vizuri, nikaoga uso, nikaendelea.

Nikafika kwa ile ya tribunal. Lambert amevaa toge mupya, anacheka kama mutu mwenye ametekenywa. Na pale kwa shingo, kwa kitambaa nyeupe, iko mukono. Mukono ya mwanamuke, na bangili ya shaba. Inamunyoosha kitambaa. Mukono haina mutu. Imekatwa kwa kiwiko, na makasi ya mutu mwenye amesoma, kwani imekatwa sawasawa. Mukono yenyewe bakaiacha. Kuitoa ingekuwa kumukata Lambert shingo.

Bangili niliinunua miye, siku ya mahari yake.

Kisha Rachidi akasoma ukurasa ya ine. Akasoma, akataka kugeuza ukurasa. Nikasema, «Soma, mutu wa Maniema, usinipikie.» Akasoma: Maître alijifunza ile njia kwa masomo ya sheria. Njo hiyo kupunguza? Umepunguza mama mupaka hakubaki. Lakini hiyo ninacheka, miye ni muzee, nitabandikwa na udongo hivi karibuni. Mambo ya mukono haikunichekesha.

Basi nikapanda pikipiki, na goti yangu, mupaka Bengamisa. Nilimukuta Augustine kwa shamba ya muhogo, amejikunja.

«Mama! Umekuja na nini?»

«Nimekuja na goti. Simama nikuone.»

Amekonda, na nywele imekuwa nyeupe mbele ya yangu. Alinipikia lituma ya ndizi, akaiponda yeye mwenyewe, akakataa nisaidie. Nikamufungulia album kwa ile picha. Aliitazama mukono yake kama mutu anatazama mutoto wa jirani. Akasema, «Ile siku kitambaa ilikuwa haijakauka. Nilifua kwa kuchelewa. Nilipomugusa baridi ikamushika shingo, akacheka.»

Umesikia? Miaka yote hii batu wanasema Maître alicheka juu ya kushinda kesi.

Nikamuuliza ile siku. Wewe unajua ile siku. Tulikuwa tumemuzika Lambert, miye nikapanda mutumbwi kupeleka udongo ya kaburi kwa baba yake Yanonge, namna inafanywa. Augustine alibaki na kiti yake kwa mulango ya Simi-Simi, namna Lambert alifundisha bajane wote. Niliporudi nikakuta Gédéon anakunywa chai kwa baraza, na Augustine hayuko. Tangu pale sijaingia ndani ya ile nyumba. Siwezi kupita mulango yenye imerukwa.

«Nani alikuruka kwanza?»

«Miguu haina macho, mama.»

«Wewe uko na macho.»

«Nilikuwa ninachagua mboga.»

Njo hivyo tu. Akanifungia muhogo ndani ya majani, akanisindikiza mupaka kwa barabara.

Album inabaki kwangu. Haitoke. Niambie nani alikata, na nani aliruka.

Kidole ya Orpha, na ilikandamizwa kwa nguvu, utaona wino imemwangika.


Kinshasa, tarehe 21 Julai 2024

Koko,

Nakusalimia. Samaki ilifika, nimekula, asante.

Barua yako nimeisoma mara nyingi na sijui nianze wapi. Koko, album si ya familia peke yake sasa. Majina ya wageni yameandikwa, mwaliko umechapwa, Tonton amesema kwa redio. Ninakuomba, mupe Noël hiyo album arudishe kwa Tonton mbele ya mwisho wa mwezi wa nane.

Picha ilikuja namna ile. Vipande vingi vilitoka kwa Tonton.

Na kuhusu yule mama. Papa hakuzaa naye. Ulitaka aandikwe nani? Wakubwa wangeuliza yuko wapi, anaishi wapi, juu ya nini hayuko kwa nyumba. Tungejibu nini, siku ya kumusifu mutetezi wa wajane? Kuna maswali ambayo yanaweza kuua jina ya papa kwa dakika moja, na ile jina njo kitu pekee kilichobaki. Mimi ninalinda jina. Mutu lazima ailinde.

Na sisi hatukumufukuza. Alichukua vitu vyake, akaenda. Ni watu wa Tonton waliopita pale mulangoni, walikuwa wengi, ilikuwa vurugu, mutu hawezi kusema nani alikuwa mbele. Nilikuwa na miaka kumi na tisa. Nilikuwa nimemuzika papa yangu.

Kwa nini haukuwa pale, koko?

Nisamehe hiyo ya mwisho. Sitaifuta, juu unasemaga nisifute.

Chancelle


Kisangani, tarehe 11 Agosti 2024

Chancelle, mutoto ya Lambert,

Leo salamu ni fupi. Tuko bazima. Rachidi anakohoa. Unakula?

Umeniuliza juu ya nini sikukuwa pale. Ni swali muzuri, na ninaijibu: nilikuwa kwa mutumbwi na udongo ya mwanangu ndani ya kikwembe, kitenge yangu. Kama ningejua, ningeimwanga mutoni na kurudi nikiogelea. Haya. Nimejibu yako.

Wewe haukujibu yangu. Umeandika «ile ingine», kisha «yule mama». Jina yake imekushinda kama mufupa ya samaki kwa koo. Mutu hakwami na jina ya mutu mwenye hakumukosea kitu.

Basi nitasema miye, Rachidi ataandika, na ukitaka utachoma.

Simi-Simi iko na macho. Mutu moja aliona yote, akaibeba miaka kumi, mupaka juzi akaogopa kuingia nayo kwa kaburi. Alisema hivi. Gédéon na bandugu yake balisimama kwa baraza tangu asubuhi. Augustine amekaa, amenyoosha miguu, sahani ya matembele kwa mapaja. Gédéon alinyanyua muguu moja, namna baba yake Yanonge. Akaishusha. Mutu hakuthubutu. Moja akasema, «Twende, hii ni laana.» Walikuwa banataka kuondoka, Chancelle. Walikuwa banaondoka.

Halafu Gédéon akatoka kwa uwanja ya lupango, akakuita, akakusemea kwa sikio. Maneno yake siijue, lakini mwezi uliofuata ulikuwa Kinshasa kwa masomo. Ukaja. Viatu ya nguo, nyeupe, ile ya matanga.

Augustine alikuona. Alifikiri unakuja kukaa pembeni yake. Alisogea kwa kiti, akakupa nafasi.

Ukasema, «Pardon, mama.» Ukaruka.

Nyuma yako bakapita wote, kama mbuzi. Haya tena, kama mwana ameruka, nani atakataa?

Sikutukani. Miaka kumi na tisa ni mutoto, na woga ninaijua, nililala nayo Yanonge. Kama ungekuja kwangu ile mwezi, ningekupiga na muti ya ufagio, kisha ningekupikia, kisha tungepanda sisi wawili kwenda kwake. Lakini umechukua ile kuruka moja na kuiruka tena miaka kumi, kila siku, na sasa umechukua makasi.

Unasema unalinda jina ya baba yako. Jina ya baba yako ilikuwa nini? Ilikuwa mama moja kwa kiti. Ukimutoa mama, inabaki kiti ya kukalia Gédéon.

Tarehe 14 nitakuwa Simi-Simi. Usinitafutie nafasi ndani.

Kidole ya Orpha


Kinshasa, tarehe 1 Septemba 2024

Koko,

Nani alikuambia?

Nimepata nafasi ndani ya ndege ya tarehe 13. Nitafikia kwa Tonton.

Chancelle


Kisangani, tarehe 22 Septemba 2024

Chancelle, mbanda yangu,

Umeuliza nani aliniambia. Haukuuliza kama ni kweli. Rachidi alikunja barua, akavua miwani, akasema, «Mama Orpha, mutoto amejibu.» Nimemwambia njo maana ninalipa mwandishi muzee, anasikia hata kitu yenye haikuandikwa. Hajacheka.

Sasa nitakuandikia ile siku, juu uliiona kutoka kwa muryango, geti ya lupango tu, na kutoka mbali batu hawaone vizuri.

Tulifika Simi-Simi alfajiri, miye, Augustine na Rachidi. Augustine hakutaka kuja. Alikuja juu nilimwambia nitaenda pekee na goti, na yeye hawezi kuacha goti yangu. Tuliweka viti viwili kwa mulango ya mbele. Akakaa upande moja, miye upande ingine, tukanyoosha miguu, yangu inaenda kwake, yake inakuja kwangu. Asubuhi ilikuwa na baridi ya mvua. Nikafungua valizi, nikatoa toge ya Lambert, nikamufunika nayo miguu. Sikukuwa na mawazo mengi. Alikuwa anatetemeka. Mbele yetu tukaweka mbabula ya makaa na sufuria ya pondu, majani ya muhogo, na album kwa mapaja yangu.

Gédéon akafika, kostimu ya bluu, kitambulisho kwa kifua kama mutu mwenye anaweza kupotea kwake.

«Mama Orpha! Tunakuomba, utupishe njia, wageni wanafika.»

«Njia iko. Ruka.»

«Mama, leo ni siku ya Lambert.»

«Huyu hapa. Uko unamuona kwa miguu ya bibi yake. Anza na yeye.»

Alinyanyua muguu, mutoto wa baba yake. Akaishusha. Rachidi kwa upande akasema, «Familia hii njo inacheza hivi?» Nikacheka mupaka goti ikaniuma.

Kisha wageni. Mukubwa wa jimbo, mapasta, baavoka na makaratasi yao. Wote bakasimama. Wote ni batoto wa bamama, Chancelle, hakuna moja aliruka. Nilifikiri: haya, imekwisha, batakaa hapa chini na sisi, batakula pondu, batauliza huyu mama ni nani. Nilikuwa nimeishaweka sahani tayari. Ona mupumbavu ya miaka yangu.

Gédéon akasema kwa sauti ya kanisa, «Wapendwa wageni, tupite huku.» Na bakapita. Bakazunguka nyumba. Bakaingia kwa mulango ya jiko! Mukubwa wa jimbo akainama chini ya kamba ya nguo, suruali ya mupangaji wa chumba ya nyuma ikamupapasa uso. Pasta akakanyaga bata. Batu wazima na kravati, moja nyuma ya ingine, banaingia kwa kusifu Maître mwenye alifungulia bajane milango, banapita pahali ya kumwangia maji ya vyombo.

Na tukasikia yote kwa dirisha. Mupigania haki. Baba ya bajane. Bakapiga mikono sana. Augustine alikuwa anakoroga pondu. Aliposikia «baba ya bajane» alionja, akasema, «Imepunguka chumvi.»

Wewe ulifika wakati mukubwa anaongea. Ulishuka kwa toleka, ile baiskeli ya kubeba batu, mwenyewe akabaki anangoja. Ulisimama kwa muryango. Ulituona. Gédéon akakuita kutoka upande ya jiko, na mukono, namna alikuita ile siku. Niliona viatu yako. Mara hii ilikuwa nyeusi.

Haukuruka. Haukuzunguka vilevile. Ulisimama mupaka hotuba ikaisha, kisha ukapanda toleka na ukaenda. Noël anasema uliondoka na ndege ya kesho yake, haukulala kwa Gédéon hata usiku moja.

Sijue niweke wapi ile kusimama. Usiku niliiweka upande ya mazuri, asubuhi niliiweka upande ya mabaya. Rachidi anasema niiache katikati. Rachidi hajazaa.

Mambo haikubadilika, nisikudanganye. Gédéon bado iko kwa nyumba, ametundika picha yake pale seremala alipima toge. Redio ilisema sherehe ilikuwa nzuri, mulango haikutajwa. Augustine amerudi Bengamisa na toge, juu nilikataa kuipokea tena. Ataitumia kwa baridi. Lambert angependa.

Album iko kwangu. Rachidi alitaka kuandika jina yake pembeni ya mukono, nikamukataza. Si kazi ya Rachidi. Kipande yenye ulikata, haukuitupa. Ninakujua, wewe ni mutu wa kutunza, hata mabaya unaitunza. Iko kwako Kinshasa, ndani ya kitabu fulani, uso yake imekazwa na kurasa. Ilete. Usiitume na Noël. Ilete na mukono yako kwa mukono yake, Bengamisa, mulango ya majani, hauwezi kukosa. Miguu yake haikunjwe kwa kravati wala kwa karatasi. Kwa hodi inakunjwa. Wewe haujapiga hodi bado, tangu ile siku.

Na ingine moja, kisha nitaweka kidole. Toleka yako ilipogeuka, Augustine aliitazama mupaka ikapita kona. Miaka kumi hajasema jina yako mbele yangu, miye nilifikiri ni chuki. Akafunika sufuria. Akaniuliza:

«Chancelle amekula?»

Nikamwambia sijue. Uende umujibu mwenyewe.

Orpha